Nyumba ya Kuku Juu ya Fuso

Hapa Mubi, mashariki ya Kongo, hatumsifu mtu kabla ya kumcheka. Asiyechekwa hajapendwa bado. Kwa kipimo hicho fundi Nzanzu ndiye anayependwa kuliko wote kwenye barabara yetu, kuanzia maduka ya juu hadi pale malori yanapogeuzia. Na anayeongoza kumcheka ni yeye mwenyewe. Mwulize habari za tetemeko lake: ataweka mwiko juu ya ukuta, atajifuta matope kwenye suruali, kisha atakwambia, "Mungu alinipatia mikono mbili ya akili. Kufika ku kichwa, udongo ikaisha."

Alizaliwa upande wa Lubero, kwa Wanande, ambako kijana akipata faida yake ya kwanza hanunui shati, ananunua matofali. Anayapanga nyuma ya nyumba ya baba yake, anayafunika kwa majani ya migomba, na wasichana wakipita wanapima kwa jicho. Nzanzu alikuwa anachoma matofali kabla sauti yake haijawa nzito. Alikuja Mubi wakati machimbo yalipoanza kuijaza barabara maduka, na wafanyabiashara wa kwao, waliotoka Butembo na Beni na rozari zao shingoni, wakamwita awajengee. Kuta zake zilisimama wima kama watoto wa komunyo ya kwanza. "Ukuta yangu ikiinama," alizoea kusema, "ni dunia njo iliinama," yaani dunia ndiyo iliyoinama. Sisi tulimwamini. Nusu yetu tulilala ndani ya kuta hizo, na mtu haulizi maswali mengi juu ya kinachomkinga na mvua.

Mke wake, Sophie, alimpata Muheto, huko milimani Masisi, alikokwenda kujenga chumba cha kuwekea jibini. Nyumba za kule ni za mbao. Upepo ukipita zinalia kidogo, kama mtu anayegeuka kitandani, halafu zinanyamaza. Watu wa Muheto walimtazama fundi wa matofali kama mtu aliyekuja kuwafundisha ng'ombe kuogelea. Lakini Sophie alimcheka, naye akajua amefika.

Pamoja na Sophie alipata mama mkwe, Mama Emérita, na hapo inabidi nieleze jambo moja, maana bila hilo mambo yote yanayofuata ni wazimu mtupu. Kwa Wahunde, watu wa kwao Sophie, mume wa binti na mama wa binti hawaangaliani usoni. Hawali pamoja, hawapeani mkono, na mwanamume haingii kamwe nyumba anayolala mama mkwe wake. Si chuki. Ni heshima iliyokaa katikati yao kama ua kati ya mashamba mawili. Wakiwa na neno la kuambiana, Sophie anasimama katikati na kulipitisha. Sophie akiwa sokoni, Mama Emérita anaiambia sufuria yake, kwa sauti ya kutosha, na Nzanzu anasikia kwa bahati tu.

Vita vilipopanda Masisi, nyumba ya mbao ya Mama Emérita iliungua pamoja na nyumba za jirani zake. Alitembea na wakimbizi wenzake, akashuka milima, akapita msitu, akafika Mubi na rozari yake na sufuria hiyo hiyo. Neno lake la kwanza kwa Sophie halikuwa salamu. "Mbao sitaki tena, mutoto wangu. Ilishika moto kama majani. Nilisimama ku shamba nikaona kitanda yangu inawaka, na juu yake hakukuwa hata paa."

Nzanzu alikuwa nyuma ya ukuta wa jiko na alisikia. Siku hiyo hiyo akaanza kumchomea matofali.

Alimjengea nyumba nyuma ya kiwanja chake, nyumba ya chumba kimoja, na aliijenga kwa mapenzi, kitu ambacho kwa fundi ni hatari, kwa sababu mapenzi hayapimwi kwa kamba. Kwenye kuta za pembeni alipandisha pinyo, yaani ile pembetatu ya matofali inayopanda hadi kulishika paa, na aliipandisha juu kama ya kanisa. Hakuna aliyemwomba. Alitaka mtu aliye barabarani, juu ya pikipiki, aone kwamba mama mkwe wa Nzanzu hakai kama mkimbizi. "Urefu wa ile pinyo," anasema leo, "ilikuwa urefu wa kiburi yangu, na bado nilikata kidogo sababu matofali iliisha."

Mama Emérita alilala humo miezi michache ya amani ndogo. Halafu, Februari ya mwaka 2008, siku ya Jumapili, ardhi ikatikisika upande wa Bukavu. Huko watu waliumia, wengine walikufa, na redio ikaanza kutaja makanisa na shule. Kwetu Mubi tetemeko lilifika limechoka: vikombe viligongana kabatini, mbwa walilia, na walevi wa asubuhi waliapa kuacha pombe, kiapo kilichodumu hadi jioni. Lakini kwenye nyumba ya Mama Emérita, chini ya pinyo, palitokea ufa mwembamba kama uzi.

Alitoka na mkeka wake na hakurudi ndani. Alifunga turubai la wakimbizi kwenye migomba miwili, akakaa chini yake.

"Nyumba ya mbao ilitaka kunichoma," alimwambia Sophie. "Hii ya matofali inataka kunizika bila padri. Nitakaa na mvua. Mvua tunajuana."

Ilikuwa kweli wanajuana, maana mvua za mwaka huo hazikukosa siku. Baada ya wiki chache kikohozi chake kikawa saa ya mtaa. Tulikuwa tukiamka nacho. Nzanzu alikuwa anakisikia akila, akisali, akichanganya udongo kwenye kazi za watu, na kila kikohozi kilimwingia kama msumari. Aliuziba ufa kwa saruji na kuupaka chokaa ya kupendeza. Mama Emérita akaiambia sufuria: "Umwambie ule fundi, mugonjwa akipakwa pauda, anakufa tu na uso muzuri."

Mwanamume mwingine angesema: mimi mwenyewe nitalala humo, muone. Nzanzu hakuweza. Nyumba ya mama mkwe ni nyumba ya mama mkwe hata ikiwa tupu. Alimwomba Sophie alale humo. Sophie akamtazama, mtoto mgongoni. "Nikifia mule, utamwambia nani aongee na mama?"

Ndipo redio ikamharibu kichwa. Mtu mmoja msomi alikuwa anaeleza kwamba huko nchi za mbali wanajenga nyumba ndogo, wanaiweka juu ya meza kubwa ya chuma, na mashine inaitikisa meza kama tetemeko lenyewe linavyotikisa ardhi. Nyumba ikianguka mezani, hawaijengi duniani. Nzanzu alizima redio ili lile wazo lisipate mwenzake wa kulipinga, akakimbia hadi kwa Katembo.

Katembo ana duka la chumvi, sabuni na mafuta, na ana lori, Fuso anayoiendesha mwenyewe kwa sababu hamwamini dereva aliyezaliwa na mwanamke. Ni Mkatoliki wa kwao Butembo, mtu wa polepole, na jina lake lote hapa linasimama juu ya jambo moja: mzigo aliobeba Katembo haujawahi kufika umevunjika. Mayai, chupa, hata sanamu ya Bikira Maria wa udongo: vyote vilifika.

"Wazungu wako na meza ya kutikisa," Nzanzu akamwambia, akihema. "Ni ya bei ya ajabu. Na siye, Katembo? Siye tuko na nini?"

"Siye tuko na madeni."

"Tuko na barabara! Mubi mpaka Walikale! Hiyo haitikisi? Mwaka jana haikukutoa jino?"

Katembo alipitisha ulimi kwenye pengo lake, akafikiri. "Ilinitoa," akakubali.

Nzanzu akajenga nyumba ndogo. Ilikuwa na kimo cha mbuzi, juu ya ubao mnene, na kila kitu ndani yake kilikuwa cha kweli: vitofali alivyovikata na kuvichoma mwenyewe, udongo ule ule wa kuunganishia, mlango upande ule ule, na paa la bati alilolikata kwenye makopo ya mafuta ya msaada. Pinyo nazo ziliinuka na kiburi chao chote, zimepunguzwa kwa usahihi. Mtaa mzima ulikuja kutazama. Sisi tulisema ni nyumba ya kuku, na tuliisema mara nyingi, kwa furaha.

Mama Emérita alisikia. Alikohoa, akasema na sufuria: "Basi aweke kuku. Achukue ile yangu ya madoa. Fundi anaweza kudanganya, kuku hapana."

Kuku wa madoa alikuwa zawadi ya jirani, kitu pekee alichokuwa nacho hapa kilichopumua. Nzanzu alimtandikia majani mle ndani, pale pale kilipo kitanda cha Mama Emérita katika nyumba kubwa.

Siku ya safari alivaa koti la misa. Na hapa, akisimulia, huwa anajipiga paji la uso, kwa sababu kama angepanda juu ya mizigo kama sisi wengine, mambo yangekuwa tofauti. Lakini mtu anayepima tetemeko hawezi kukaa juu ya magunia. Alimwachia Katembo kupakia, akaingia mbele, akafunga kioo, akakunja mikono. Fuso ikaondoka. Mashimo yalikuja, Katembo akayapita kama mtu anayepita katikati ya watoto waliolala. Kabla ya nusu ya njia Nzanzu alikuwa amelala. Anaamini hakuna mtu mwingine duniani aliyesinzia ndani ya tetemeko lake mwenyewe.

Kwenye kizuizi, watu wenye bunduki waliwasimamisha. Siku zile hukuuliza ni bunduki za nani.

"Hii ni nini?"

"Nyumba, chef," akasema Katembo, maana kila mwenye bunduki ni mkuu.

"Ya nani?"

"Ya kuku, chef."

"Na kuku ni ya nani?"

"Ya mama mukwe wa huyu papa."

Askari aliinama akachungulia kwenye kidirisha. Kuku alimchungulia pia. "Na anaenda wapi?"

Nzanzu akaona ni wakati wa elimu. "Tunamupima tetemeko, chef. Kama nyumba inaanguka ao haianguke."

"Hapa nasikia uongo asubuhi na magaribi," askari akasema. "Hii njo ya kwanza sijui nikate kodi gani." Mwishowe alikata yai, kwa maana kuku alikuwa amelitaga njiani, likiwa zima kabisa.

Waliporudi Mubi, nyumba ilikuwa imesimama. Hakuna tofali lililosogea. Kuku alitoka mlangoni akanyoosha bawa kama mama mwenye nyumba anayekung'uta kitenge. Tulipiga kelele! Watu walimbeba Nzanzu. Tulimpa jina, Injinia Tetemeko, na alilivaa jina hilo kama kofia. Jioni hiyo alimnunulia bia kila aliyemcheka, yaani sote, na alieleza kwa mkono na kwa chaki jinsi ukuta unavyozungumza na ardhi.

Nyuma ya nyumba, Mama Emérita alimpokea kuku wake, akampapasa mbawa, akamtazama machoni. Kikohozi kilimkamata muda mrefu. Kisha akamwambia Sophie: "Jumapili, kisha misa, nitaingia. Nimechoka na mvua."

Sophie alipolipeleka neno hilo kwa mumewe, Nzanzu aligeukia ukuta. Alisema ni vumbi machoni.

Siku iliyofuata Katembo alikuja na mkono kiunoni. "Nzanzu, unirudishie godoro yangu. Leo mugongo inanikata."

"Godoro gani?"

"Ile iko chini ya nyumba yako. Nilifunika na gunia."

Walipanda kwenye Fuso, nyumba ndogo ilikuwa haijashushwa, na Nzanzu akainua pembe ya ubao. Chini yake, chini ya gunia, palikuwa na godoro la sponji, la kitanda cha Katembo mwenyewe, nene na jema.

"Ulitandika godoro," akasema taratibu.

"Na gunia za maharagwe pembeni. Na mipira ya pikipiki, nikafunga hivi, na hivi. Vile tunabebaka mayai. Unafikiri nyumba ya udongo inafika Walikale hivi hivi tu?"

"Katembo. Nilikuomba tetemeko."

"Uliniomba nibebe," akasema Katembo, na kweli aliumia. "Na miye kitu nikibeba, kinafika."

Walisimama pale, wanaume wawili na godoro. Nzanzu anasema alichofikiri kwanza hakikuwa Mama Emérita. Alifikiri ile bia. Alifikiri chaki, na jina lake jipya, na sisi: vicheko vyetu alivijua kimoja kimoja. Kisha kikohozi kikatoka kule kwenye migomba, nacho hakikuwa kinacheka.

"Tunarudia," akasema. "Jumamosi. Bila godoro. Unapakia kama chumvi."

"Chumvi nabeba polepole."

"Kama mawe, basi!"

"Mawe sibebake."

"Katembo, ile Jumapili mama anaingia. Ikiwa nyumba yangu ni mubaya, nataka ifie ku Fuso, isifie juu yake. Shimo ukiliona, usilikimbie. Uliingie."

Katembo alifanya ishara ya msalaba. "Utasema mbele ya watu kwamba sikuvunja. Utasema niliombwa."

"Nitasema."

Mama Emérita alimtoa kuku wake tena, bila kuuliza. Alidhani fundi anapenda tu safari. Kwake neno la Jumapili lilikuwa limekwisha kusemwa, na Nzanzu hakumtuma Sophie kulitengua. Alijiambia kwamba kuta zake zitasimama hata bila godoro, ya nini kumtisha mgonjwa?

Jumamosi alipanda juu, na suruali ya kazi, akakaa ubavuni mwa nyumba ndogo. Ubao ulikaa juu ya chuma. Juu ya bati waliweka gunia la chumvi, maana Katembo alishindwa kuvumilia kuona mahali pa mzigo pamekaa hewa tupu. Fuso ikaondoka, na katika shimo la kwanza Nzanzu aliuma ulimi. Barabara ilikuwa imemsubiri. Ilimtupa kulia, ikamrudisha kushoto, ikamwinua na kumkalisha, na chini yake kila kitu kilikuwa kinagonga kitu kingine. Kwenye kioo cha dereva alimwona Katembo analia machozi huku akiingia mashimo.

Nyumba ndogo ilistahimili zaidi ya alivyotarajia. Kuta za chini zilikuwa zinatetemeka lakini zinashikana. Kilichoshindwa ni pinyo. Ile pembetatu ilianza kutikisa kichwa, polepole, kama mtu anayekataa kitu kwa adabu: hapana, hapana. Gari lilipoinama kwenye kijito, ilikataa mara ya mwisho, ikaanguka ndani, yote kwa pamoja, na bati na chumvi vikaifuata.

Ilianguka upande wa kitanda.

Alipofukua kwa mikono alimkuta kuku wa madoa bado ana joto. Alimfunga ndani ya shati lake. Akapiga ngumi juu ya kibanda cha dereva, na Katembo akaigeuza Fuso.

Kwenye kizuizi yule askari alikuja anatabasamu. "Injinia! Na kuku?"

"Alikufa."

"Ni nini ilimuua?"

"Nyumba yangu."

Askari alitazama matofali, akatazama lile shati. Aliinua mti wa kizuizi mwenyewe na hakudai kitu. Hilo nalo lilimwogopesha Nzanzu.

Sasa, mvua ya Jumamosi ile haikungoja Jumapili. Ilifika mchana, ikalipasua turubai katikati, na Mama Emérita akaona kwamba Mungu amebadilisha tarehe. Alikunja mkeka akauweka kichwani, akachukua sufuria, akaanza kuvuka uwanja. Sophie alitangulia kumfungulia mlango. Sisi tulikuwa tumejikinga chini ya paa la duka tukitazama, wengine wakipiga makofi.

Fuso ilitokea ikipiga honi kama harusi. Kabla haijasimama Nzanzu aliruka, akaanguka, akainuka na matope hadi usoni, akakimbia akiwa kifua wazi, na akapaza sauti ambayo haikupita kwa Sophie wala kwa sufuria.

"Mama! Mama Emérita! Usiingie!"

Makofi yakafa. Mama Emérita aligeuka kwa mshtuko, na kwa mara ya kwanza katika ndoa ile yote wakatazamana. Nzanzu anasema hakuwa anajua kwamba macho ya Sophie yalikuwa ya kuazima. Mwenye macho hayo, mama yake, alikuwa pale mlangoni, anayo, na yalikuwa yamechoka sana.

Mama Emérita alijifunika uso kwa kitenge. Sauti yake ilitoka chini ya kitambaa, ndogo: "Sufuria, huyu mwanaume anasema nini?"

"Nasema nyumba yangu ni mubaya," akasema Nzanzu, akapiga magoti matopeni. "Pinyo itaanguka ku kitanda yako. Ile safari ya kwanza ilikuwa uongo, kulikuwa godoro. Katembo hakuvunja, niliomba avunje." Akafungua shati.

Kitenge kilishuka kidogo. Alimtazama kuku kwa muda, mvua ikimlowesha.

"Alilala wapi?"

"Pale unalalaka."

Mama Emérita aliuweka sawa mkeka kichwani, akarudi nyuma hatua moja kutoka mlangoni, kisha nyingine. Hakuna aliyecheka. Nasema hivyo ili iandikwe: siku moja Mubi watu hawakucheka.

Tulifidia baadaye. Mama Emérita alilala kwa jirani, kwa mama wa Kinyanga, mwenyeji wa huku, aliyekuwa na nyumba ya miti na majani, nyumba ambayo tetemeko liliipapasa tu. Jumapili Nzanzu hakwenda misa. Alipanda juu ya ukuta na kuanza kuishusha pinyo yake tofali kwa tofali, na tofali la kwanza alipoligusa kwa ncha ya mwiko, mengine yakaja yenyewe mkononi, kama watoto waliokuwa wakisubiri kuitwa. Alikaa juu kule akiyatazama. Tulipotoka kanisani tulimwita, "Injinia, dunia njo iliinama?" Akajibu, "Hapana, ni fundi."

Kwa kumtazama mama mkwe usoni alitozwa mbuzi, ndivyo desturi inavyotaka, na kuku mwingine kwa ajili ya yule wa madoa. Aliwatoa bila kubishana. Mbuzi alimpitisha kwa Sophie, na kuku Sophie akampokea kwa adabu za kufa mtu, huku mumewe na mama yake wakitazama pande mbili tofauti za mbingu.

Kisha ukaja ugomvi wa mbao.

"Mbao tena?" Mama Emérita alimwambia Sophie, Nzanzu akiwa upande wa pili wa ukuta. "Nilimwambia ya mbao iliungua."

"Anasema matofali itabaki mpaka kifuani, mama, moto ya majani isipande. Juu njo ataweka mbao. Na atazungusha miti ya kufunga kuta zote, kama mukaba."

"Na ubao ikiniangukia?"

Sophie alingoja. Kutoka nyuma ya ukuta ikaja sauti ya Nzanzu, akiuambia mwiko wake: "Mwiko, umwambie mama: ubao ikianguka itamuumiza. Lakini ataamuka na kunitukana."

Mama Emérita alifikiri. "Hiyo naweza," akasema.

Nyumba ile ipo hadi leo, na haipendezi. Chini ni ya Kinande, juu ni ya Kimasisi, na mkanda wa miti katikati unaonekana kama mtu mnene aliyejifunga kamba. Kutoka barabarani haionekani kabisa. Nzanzu hakumwambia mtu lini mama mkwe aliingia, kwa sababu hakujua. Hakuruhusiwa kutazama, na aliogopa kuuliza. Turubai lilikuwa halipo tena kwenye migomba, lakini turubai lingeweza kuibiwa.

Alijua siku ya mvua, mchana. Alikuwa chini ya paa la jiko lake akinoa patasi, akasikia kikohozi, chepesi sasa, kikitoka nyuma ya mbao. Halafu ile sauti.

"Sufuria. Umwambie ule fundi, hapa ku kitanda kunavuja."

Nzanzu aliweka patasi chini. Anasema katika maisha yake watu wamemsifu kwa lugha nyingi, Kinande, Kifaransa, hata Kilatini siku ya kubariki duka, lakini hakuna sifa iliyomfikia kama tone lile. Hakuweza kuingia kuona. Alichukua nyundo na kipande cha bati, akaegemeza ngazi, akapanda juu ya paa kwenye mvua, akaanza kutafuta tundu kwa vidole.

Alipogonga msumari wa kwanza, nyumba nzima ikalia kidogo, kama mtu anayegeuka kitandani.

"Sufuria," ikasema sauti chini yake, "umwambie asitikise."

Tangu hapo aligonga kama Katembo anavyobeba mayai.